Usimpe Tarsis Mpira

Mkono uliomkamata Kasmir shati kwa nyuma, kwenye uchochoro ule wa nyuma ya duka la mjomba wake, haukuwa wa mwizi, wala haukuwa wa askari kanzu kama wengi wenu mlivyodhani wiki nzima tangu tulipoishia. Ulikuwa mkono wa mwanamke.

"Usigeuke," sauti ikasema. "Wakituona watauliza."

Kasmir akageuka hata hivyo. Alikuwa Scholastika, dada mkubwa wa rafiki yake Tarsis, bado yumo ndani ya gauni lake jeupe la kazi ya hospitali, viatu vimejaa vumbi la Kariakoo. Alikuwa amekuja kwa miguu, tena mbio.

"Shikamoo, dada Scholastika. Kuna nini? Tunaingia uwanjani sasa hivi."

Scholastika hakuitikia shikamoo.

"Leo usimpe Tarsis mpira," akasema.

Kasmir alidhani hakusikia vizuri. Nani Kariakoo asiyejua kuwa mpira ni wa Tarsis? Timu ya Kibo ilikuwa ya vijana wa Kilimanjaro, waliofundishwa mpira wa kikapu na padri mmoja Mmarekani kwenye shule ya misheni, wakateremka nao mlimani mpaka Dar es Salaam pamoja na masanduku yao ya bati. Timu ile ilikuwa na watu wanne na Tarsis mmoja. Wanne wanakaba, wanapora, wanaleta. Tarsis anatumbukiza.

"Jana daktari alikuwa wodini anazungumza na mwenzake," Scholastika akaendelea kwa sauti ya chini. "Nikasikia jina la mdogo wangu. Alipimwa wakati ule anaomba kazi ya bandarini, akaambiwa arudi, hakurudi. Moyo wake ni mbovu, Kasmir. Daktari kasema kijana huyo akiendelea kukimbia na kuruka, ataanguka siku moja na hatainuka."

"Basi mwambie asicheze."

"Nimemwambia, kanicheka. Sababu sikumpa. Daktari alisema mtu wa namna ile asipewe mshtuko, unaweza kummaliza pale pale."

"Mwambie kaka Eliakimu. Yeye ndiye kepteni."

"Eliakimu atamtoa mbele ya watu wote, na Tarsis atataka kujua kwa nini. Kasmir, mama yetu ana mtoto wa kiume mmoja."

"Lakini kwa nini mimi?"

Scholastika akamtazama usoni bila kupepesa macho.

"Kwa sababu wewe ndiye usiyetoa mpira. Mwingine akimnyima Tarsis, watu watashangaa. Wewe ukimnyima, nani atauliza?"

Maneno yale yalimkwama Kasmir kama mwiba wa samaki kooni, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Kazi yake katika timu ilikuwa kukaba, kupora na kumletea Tarsis. Aliifanya vyema mpaka siku moja alipotupa mpira kwa mbali, ukaingia, na umati ukalitaja jina lake. Tangu hapo ugonjwa ukamshika. Akipata mpira anatupa. Amezingirwa, anatupa. Mwenzake yuko peke yake chini ya kikapu, yeye anatupa. Mitaa ya Kariakoo ikampa jina: Kasmir Sitoi.

"Apa," Scholastika akasema.

"Naapa kwa Bikira Maria."

Mkono ukaliachia shati. Kasmir akaondoka kuelekea Mnazi Mmoja, na nyuma yake akamsikia yule dada akianza rozari.

Uwanja ulikuwa umefurika, kwa kuwa siku hiyo lilikuwa linagombewa kombe. Wachaga wenye maduka walikuwa wamefunga mapema. Wahindi walikuwa wameteremka kutoka Upanga na wake zao na watoto, wakakaa upande wa kivuli. Mvua za masika zilikuwa hazijaanza, na joto lilikuwa lile la kumfanya mtu amchukie jirani yake. Kunguru walikuwa wamejipanga juu ya vyuma vya vikapu vyote viwili, na kila walipofukuzwa walirudi.

Wapinzani walikuwa vijana wa klabu moja ya Upanga, wakiongozwa na Vasant, mtoto wa Manubhai mwenye duka la vitambaa. Walikuwa na uwanja wa saruji nyumbani kwao na walifanya mazoezi kila jioni. Kibo hawakuwa hata na mchezaji wa akiba. Benjamini, aliyekuwa mtu wao wa sita, alikaa ukingoni kifundo cha mguu kimevimba kama papai.

Refa akapuliza kipenga.

Mpira wa kwanza ulimfikia Kasmir. Tarsis alikuwa peke yake, mkono juu, mahali ambapo hakosi. Kasmir akatupa mwenyewe. Mpira ukagonga chuma na kuwarusha kunguru.

Umati ukacheka. Walikuwa wamemzoea.

Mpira wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu ukaingia, na Kasmir, Mungu amsamehe, akafurahi. Alipotazama ukingoni alimwona Scholastika katikati ya watu, rozari mkononi, akimwitikia kwa kichwa taratibu: hivyo hivyo, usimpe.

Akaendelea. Alimpokonya Vasant mpira, akakimbia nao uwanja mzima, akatupa, akakosa. Akarudi mbio kukaba, akapora tena, akatupa tena. Ili Tarsis asikimbie, ilimbidi Kasmir akimbie mara mbili. Ili Tarsis asiruke, ilimbidi aruke yeye. Jasho lilimwingia machoni. Pumzi ikaanza kuja nusu nusu, na chini ya mbavu za kushoto akahisi kitu kinagongagonga bila mpango, kama mtu aliyefungiwa stoo.

Ni joto, akajiambia.

"Sitoi," watu wakaanza kuimba. "Sitoi, Sitoi."

Sasa hawakuwa wakicheka tena. Upanga walikuwa wanaongoza, na mzee mmoja wa Kibosho alisimama kitini akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mtoeni huyo mtoto. Mtoeni kabla hatujaingia wenyewe."

Kipenga cha mapumziko kikalia. Eliakimu alimfuata Kasmir moja kwa moja. Alikuwa mtu mzima kuliko wote, mpole, mwenye duka Mtaa wa Swahili, na hakuna aliyepata kumsikia akifoka. Hakufoka hata leo.

"Ningekuwa na mtu wa sita ungekaa chini," akasema. "Sina. Kwa hiyo nakuuliza kama mdogo wangu. Una ugomvi na Tarsis?"

"Sina, kaka."

"Basi una nini?"

Kasmir akatazama ardhi. Alikuwa ameapa, na pumzi ilikuwa bado inakuja nusu nusu.

"Niachieni mimi," Tarsis akasema.

Akamshika Kasmir mkono, akampeleka nyuma ya watu, kwenye mkokoteni wa muuza miwa aliyekuwa amekwenda kutazama mchezo. Tarsis alikuwa mrefu, uso wake laini kama wa mtoto wa kwaya. Hakuwa na hasira. Alikuwa mkavu kabisa, hana hata tone la jasho, kwa kuwa hakuguswa na mpira nusu nzima.

"Nilimwona dada amekushika shati," akasema. "Amekuambia nini?"

"Hakuna."

"Kasmir. Tumelala kitanda kimoja miaka yote ya bweni. Ukidanganya sikio lako la kulia linacheza. Amekuambia nini?"

"Nimeapa."

"Basi sitaingia uwanjani. Mtacheza wanne, na mimi nitakwenda kumwuliza yeye mbele ya watu."

Kasmir akaona hana njia. Akamshika rafiki yake bega, kwa upole, kama unavyomshika mtu aliyefiwa.

"Usishtuke, Tarsis. Nakuomba usishtuke. Ni moyo wako. Dada kasema ulipopimwa kwa ajili ya kazi ya bandarini, daktari aliona moyo wako ni mbovu. Ukikimbia utakufa. Ndiyo maana sikupi mpira."

Tarsis akacheka. Alicheka kweli, kwa raha, kichwa nyuma.

Halafu kicheko kikakatika katikati.

"Kasmir," akasema polepole. "Daktari gani? Mimi sijapata kupimwa na daktari yeyote."

Wakatazamana.

Nyinyi wasomaji mmeshaelewa. Kasmir alihitaji kitambo kidogo, kwa sababu kuna mambo ambayo akili huyaona mlangoni na kukataa kuyafungulia.

Siku ile ya kupimwa Tarsis alikuwa na homa kali. Alijua kuwa akienda na homa atakataliwa, na akikosa siku ile hapati nyingine. Kasmir, mwenye kifua kipana na mikono ya kubebea magunia, akajitolea. "Afya yangu, jina lako," walisema usiku ule, wakicheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Kasmir akaenda. Alipoulizwa jina akasema Tarsis. Daktari alimwekea kile chuma cha baridi kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko alivyowasikiliza wengine. Akamwuliza kama utotoni aliwahi kuvimba magoti na kulala na homa. Kasmir akakumbuka msimu mmoja wa kahawa ambao aliukosa wote, yuko kitandani, mama yake akimkanda magoti kwa majani ya moto. Lakini akasema hapana. Akaambiwa arudi Jumatatu. Jumatatu dukani kulikuwa na shehena ya kushusha, hakurudi.

"Ulikwenda wewe," Tarsis akasema. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana. "Ule moyo ni wako."

Kasmir akaweka kiganja kifuani. Kile kitu kilikuwa bado kinagonga mle ndani.

"Nusu nzima nimekimbia kwa ajili yako," akasema.

"Kaa chini. Kaa hapa hapa. Namwita dada."

"Ngoja." Kasmir akamkamata kiwiko. "Ukimwita utamwambia nini? Kwamba nilimdanganya daktari wa serikali kwa jina lako? Umemsahau yule kijana wa Moshi, aliyepimwa badala ya nduguye? Walifungwa wote wawili."

Tarsis akatikisa kichwa. Alikuwa hajamsahau.

"Nitasimama tu," Kasmir akasema. "Sikimbii, siruki. Mpira ukinifikia nakupa wewe. Mchezo ukiisha tutamwambia dada taratibu, nyumbani, milango imefungwa."

Kipenga kikalia kuwaita. Tarsis angeweza kukataa, na katika maisha yake yote yaliyobaki atajiuliza kwa nini hakukataa. Pengine ilikuwa hofu ya jela. Pengine alisikia watu wakimwita jina lake huko uwanjani. Akakubali kwa kichwa, wakarudi.

Nusu ya pili ilipoanza, Kariakoo yote iliona muujiza. Kasmir Sitoi alitoa mpira.

Alisimama katikati kama nguzo ya simu. Mpira ukija anaupokea, anaupeleka. Tarsis alikuwa na nguvu zote za nusu aliyonyimwa. Alitumbukiza kulia, akatumbukiza kushoto, akamruka Vasant mpaka Vasant mwenyewe akapiga makofi. Wenye maduka wakawa wanakumbatiana. Yule mzee wa Kibosho akapanda tena kitini, safari hii kubariki.

Mtu mmoja tu hakushangilia.

Scholastika alikuwa amesimama ukingoni kabisa, na uso wake ulikuwa umekuwa rangi ya majivu. Kila pasi ya Kasmir aliiona kama kisu anachokabidhiwa mdogo wake. Alitikisa kichwa, hapana. Alinyoosha mikono, hapana. Kasmir alimwona. Alitaka kumwashiria kwamba mambo siyo anavyodhani, lakini utamwambiaje mtu kwa ishara ya mkono kwamba moyo si wa yule, ni wa huyu? Akageuza uso. Na Scholastika akaona kwamba amegeuza uso.

Upanga hawakuwa watu wa kukata tamaa. Wakasawazisha. Refa akatazama saa yake. Mpira ukatoka mikononi mwa Vasant, ukabingirika, ukaja kutulia miguuni mwa Kasmir.

Hakukuwa na mtu mbele yake. Kikapu kilikuwa wazi, na njia ilikuwa nyeupe mpaka chini yake. Kwa mtu aliyeitwa Sitoi, ile ilikuwa ni karamu. Hatua chache tu na kombe ni la Kibo, na jina litakalotajwa dukani, kanisani, mpaka kule mlimani, litakuwa lake.

Mguu wake ulianza kwenda. Kile kifuani kikamjibu kwa kishindo kimoja kikubwa, kisha kikanyamaza, kisha kikaanza tena kwa mbali.

Tarsis alikuwa anakuja mbio upande wa kulia.

Kasmir akampa.

Hakuona mpira ukiingia. Alisikia tu watu. Akasikia kipenga cha mwisho, na vishindo vya miguu vikija kutoka kila upande, na mtu akamvuta shingo kumbusu kipaji. Kisha umati ukapasuka, na mbele yake akasimama Scholastika.

Alimpiga kofi.

"Uliniapia," akasema. Hakupaza sauti, na ndiyo maana walio karibu walinyamaza. "Nimekunyooshea mikono nusu ya pili yote na umenitazama. Akifa yule, Kasmir, usije msibani kwetu."

Kasmir akafungua mdomo. Pumzi ilitoka lakini neno halikutoka nayo.

"Dada." Tarsis alikuwa amefika, amewasukuma watu, anahema kwa afya. Akamwinamia sikioni. "Dada, moyo si wangu. Mimi sikwenda kupimwa. Alikwenda yeye, kwa jina langu."

Scholastika akamgeukia. Alimtazama Tarsis, akamtazama kifua chake kinachopanda na kushuka vizuri. Halafu akageuka kumtafuta Kasmir usoni, na hakumkuta, kwa sababu Kasmir alikuwa amekaa chini mavumbini, mgongo umepinda, midomo imeanza kuwa ya samawati.

Eliakimu alimwinua kichwa. Benjamini akaja akichechemea na kibuyu cha maji. Watu wakaanza kusema joto, joto hilo, mpepeeni. Ni Vasant aliyemtazama vizuri, akakimbilia upande wa kivuli, akarudi na baba yake.

"Leteni kwa gari," Manubhai akasema. "Haraka. Hospitali iko Upanga, si mbali."

Wakamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Scholastika. Tarsis akapiga magoti pale chini, hakuna nafasi. Manubhai alipiga honi tangu Mnazi Mmoja, na Kasmir, macho yamefumbwa, alisikia kila kitu kama mtu aliye chini ya maji.

Alisikia Scholastika akilia bila sauti, akimsugua mikono.

Alimsikia Tarsis akinong'ona, "Wakijua alikwenda kwa jina langu, ni jela. Mimi na yeye."

Na baada ya kitambo akamsikia dada akijibu, kwa sauti ya mtu anayejichukia, "Daktari anaufahamu moyo huu kwa jina lako. Tukitaja jina jingine ataanza upya, na sidhani kama kuna wakati wa kuanza upya."

Gari likasimama. Wakamwingiza kwa machela. Mapokezini alikuwako mzee Ramadhan, aliyefanya kazi pamoja na Scholastika miaka mingi na kumwita binti yangu. Alichukua kalamu.

"Jina la mgonjwa?"

Kasmir alijaribu. Aliukusanya ulimi, akaitafuta ile herufi ya kwanza, ikamponyoka.

"Tarsis," akasema Tarsis.

Ramadhan akainua miwani, akamtazama kijana aliye kwenye machela, kisha akamtazama mwuguzi wake.

"Binti yangu, huyu ndiye mdogo wako? Yule aliyezungumziwa jana?"

Kasmir aliusikia mkono wa Scholastika ukikaza juu ya wake.

"Ndiye," akasema.

"Pole sana, binti yangu. Basi daktari aliacha neno. Huyu akiletwa, aitwe mara moja, na aitwe padri pia." Ramadhan akaanza kuandika. "Bahati yenu padri yumo humu humu, amekuja kuwaona wagonjwa. Yule anakuja."

Kasmir akafumbua macho. Kwenye ukumbi ule mrefu alikuwa anakuja mtu wa kanzu nyeupe, ndevu nyekundu, mwendo wa kuchechemea kidogo ambao wavulana wote wa shule ya misheni waliwahi kuuigiza. Alikuwa padri yule yule Mmarekani, aliyehamishiwa mjini mwaka huo, aliyewafundisha kudunda mpira wakiwa bado wana kaptura.

Tarsis akarudi nyuma hatua moja, ukuta ukamzuia.

Padri akainama juu ya machela, akaweka kiganja kwenye kipaji cha mgonjwa.

"Kasmir," akasema. "Mwanangu Kasmir, umepatwa na nini?"

Mzee Ramadhan akaweka kalamu chini.